Lee-Enfield 3, tarehe zinagongana: ipi ya kutengenezwa, ipi ya kukarabatiwa?

RejistaYaKale

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa kusoma alama. Kuna bunduki 3 za Kiingereza zinaingizwa kwenye rejista ya mkusanyiko wa kihistoria. Zote ziko Uingereza na vibali vyake viko sawa. Shida ni kwamba fomu ina safu moja tu ya "mwaka", na kila bunduki inatoa miaka miwili au mitatu.

Ya kwanza ni No.4, aina ya Lee-Enfield ya Vita vya Pili. Kushoto kwa soketi ya kitako, ile shingo ya chuma ambamo mbao ya kitako huchomekwa, pana M47C, 1943 na namba ya bunduki. Kwenye ubavu wa kushoto wa bodi, kile kiwiliwili cha chuma ambamo bolti hutembea, pamechorwa kwa kalamu ya umeme: No4 MK 1/2 (F) FTR, kisha 3/53. Chuma chote ni cheusi kama kilichopakwa rangi. Mbao ni ya rangi nyepesi, si walnati. Namba kwenye mkono wa bolti inalingana na ya bodi, ila chini yake kuna kivuli cha namba nyingine iliyosagwa.

Ya pili ni SMLE, Lee-Enfield fupi ya zamani zaidi. Kulia kwa soketi: taji, G.R., ENFIELD, 1915, SHT.L.E., III. Haina kile kibati cha kuzuia magazini wala vilengeo vya ubavuni vya masafa marefu, ingawa ninavyojua Mk III (toleo la tatu) ilitakiwa kuwa navyo. Mtutu una '37. Tena kuna taji lenye BNP chini yake, halafu .303, 2.222" na 18.5 TONS.

Ya tatu ni No.5 fupi, ile ya msituni yenye koni mdomoni. Ubavu wake unasomeka No.4 MK I* LONG BRANCH 1943. Hii imelemazwa isiweze kupiga risasi, ina muhuri wa DA na 96.

Niandike mwaka upi kwa kila moja? Na hiyo 2.222 ni namba ya nini?

Fundi_Soketi

Mkuu, umesoma vizuri, iliyokosea ni fomu. Bunduki ya jeshi la Uingereza haina tarehe moja. Bodi ina yake, mtutu una wake, karakana zimeweka zao, na siku ilipouzwa uraiani nayo imeacha alama. Mwaka wa kutengenezwa unafuata bodi. Vingine vyote ni mambo yaliyoipata bodi hiyo baadaye, na kila kimoja kinastahili mstari wake.

Ya kwanza ndiyo nyepesi. M47C ni BSA (kampuni ya Birmingham Small Arms), kiwanda cha Shirley karibu na Birmingham. Wakati wa vita majina ya viwanda yalifichwa: herufi ya kwanza ikataja kanda (M katikati ya nchi, N kaskazini, S kusini), namba ikataja kampuni, na kwa BSA herufi ya mwisho ikataja kiwanda: A ni Small Heath, B Redditch, C Shirley. Kwa hiyo 1943 ni mwaka wa kuzaliwa, hakuna mjadala.

FTR ni ukarabati kamili wa kiwandani. F kwenye mabano ni Fazakerley, kiwanda cha serikali kule Liverpool. 3/53 ni Machi 1953, maana hapo mwezi umetangulia mwaka. Usidhani FTR ni kusafisha na kupaka mafuta. Bunduki ilivuliwa yote hadi bodi, bodi ikapimwa kwa geji, kilichochakaa kikatupwa, na kilichorudi kikafungwa upya kama bunduki mpya. Ndiyo maana 1943 yako inaonekana ya 1953 kwa mbao, rangi na vilengeo.

Sasa huo mkwaju kwenye MK 1/2, uandike kwa uangalifu. Bodi ilipotoka Shirley ilikuwa MK I, kwa namba ya Kirumi. Kwenye MK I triga imening'inia kwenye kinga ya triga, na kinga imefungwa kwenye mbao ya mbele. Mbao ikinywa unyevu au ikikauka, kinga inasogea, na uzito wa triga unabadilika bila mtu kuigusa. Toleo la MK 2, lililoanza 1949, likahamishia triga kwenye bodi yenyewe. Bunduki za MK I zilizobadilishwa hivyo zikaitwa MK 1/2, na za MK I* zikaitwa MK 1/3.

Mtu akiruka mkwaju akaandika "MK 2, 3/53", amegeuza bunduki ya vita kuwa bunduki mpya ya 1953. MK 2 halisi ya Fazakerley hubeba tarehe yake ubavuni pia, lakini haina FTR, na namba yake mara nyingi huanza na PF. Hapo tarehe ya ubavuni ndiyo ya kutengenezwa. Yako ina mwaka wa vita kwenye soketi na FTR ubavuni, kwa hiyo ubavu unasema ukarabati.

Namba iliyosagwa kwenye bolti isikutishe. Bolti zilichanganywa wakati wa FTR. Bodi ikapewa bolti iliyoikubali kwenye geji, namba ya zamani ikasagwa, mpya ikapigwa. Angalia ndani ya namba kwa lenzi. Kama rangi nyeusi imejaa ndani ya mifereji, namba ilipigwa kabla ya kupakwa, yaani kiwandani. Kama chuma cheupe kinang'aa ndani na kingo zake zimeinuka juu ya rangi, kuna mtu aliigonga juzi ili bunduki ionekane "namba zote sawa" sokoni.

Kaskazi77

Mimi nina wasiwasi na hiyo rangi. No.4 za vita zilipigwa weusi wa mafuta, hazikupakwa rangi. Inaelekea muuzaji alificha kutu. Ningeitoa kwa dawa ya kubandua, nione kilicho chini.

Fundi_Soketi

Usithubutu, mkuu. Kwa bunduki ya 1943 ambayo haijawahi kurudi kiwandani ungekuwa na hoja. Kwa FTR ya baada ya vita hiyo rangi ndiyo umaliziaji halali. Chuma kilipitishwa kwenye fosfeti kwanza ili kiwe na uso wa kukwaruza, kisha ikapakwa rangi nyeusi iitwayo Suncorite na kuchomwa kwenye tanuri. Ukiibandua utabaki na fosfeti ya kijivu, na utakuwa umefuta ushahidi wa ukarabati wenyewe. Hakuna weusi wa 1943 unaokusubiri huko chini, walishauondoa.

Namna ya kutofautisha: rangi ya kiwandani ni nyembamba, imesambaa sawasawa, iko hadi chini ya mbao na kwenye mashimo ya skrubu. Rangi ya kopo ya muuzaji hukomea pale mbao inapoanzia, na mara nyingi imeingia kwenye nafasi za skrubu kwa sababu hakuzifungua.

Kusoma alama zilizojaa rangi hakuhitaji kubandua chochote. Zima taa ya chumba, laza tochi karibu igusane na chuma ili mwanga upite pembeni, piga picha 4, kila moja mwanga ukitoka upande tofauti. Kama bado, paka chaki nyeupe juu ya alama, futa kwa kidole kikavu, chaki itabaki kwenye mifereji. Brashi ya waya marufuku, msasa marufuku. Alama za kalamu ya umeme ni za juu juu mno. Msasa wa dakika moja unatosha kuua tarehe.

Mzee_wa_Mtutu

Fundi amemaliza ya kwanza, nishike SMLE, maana huko ndiko watu wengi hupotea.

Kwanza G.R. (Mfalme George) peke yake haikusaidii kitu kwenye tarehe. George V alitawala 1910 hadi 1936, George VI 1936 hadi 1952, na herufi ni zilezile. E.R. ya Edward inakupa 1901 hadi 1910, V.R. ni ya Victoria. Kwa hiyo soma mwaka ulio chini ya jina la kiwanda: Enfield, 1915. Kama ungekuta upande wa kulia wa soketi una alama za zamani na upande wa kushoto una neno COND., hapo ingekuwa bunduki ndefu ya zamani iliyofupishwa, na ungeandika miaka miwili. Yako si hiyo.

Vifaa vilivyopotea: Mk III ya 1907 ilikuwa na kizuizi cha magazini, kilengeo cha nyuma chenye skrubu ya kusogeza kushoto na kulia, na vilengeo vya ubavuni vya kupiga kundi la adui hadi yadi 2,800. Vita vilipokolea vitu hivyo vikaonekana anasa inayochelewesha mashine, na Januari 1916 Mk III* ikaidhinishwa bila hivyo. Bunduki za Mk III zilizorudi karakana baadaye zikavuliwa polepole: kizuizi kikatolewa, mbao ya mbele iliyotobolewa kwa ajili ya sahani ya kilengeo ikabadilishwa na mbao isiyo na tundu. Nyota kwenye soketi huenda isiongezwe.

Jipe uhakika hivi. Fungua bolti, angalia ukuta wa kulia wa bodi. Kama mpasuo mwembamba wa kizuizi upo na kizuizi hakipo, bodi ilichongwa ili ibebe kizuizi. Kisha angalia mbao upande wa kushoto mbele ya magazini. Ikiwa laini bila alama ya kuzibwa, inaelekea mbao hiyo si ya 1915.

'37 ni mwaka wa mtutu. Hupigwa kwenye bapa la kushoto la shina la mtutu, mbele tu ya bodi, na nusu ya tarakimu mara nyingi hufichwa na mbao. Maana yake ni kwamba mtutu ulitengenezwa 1937. Haimaanishi ulifungwa 1937. Mitutu ilikaa stoo, kwa hiyo andika "mtutu mpya, 1937 au baadaye". Pia usiandike "No.1" kana kwamba jina hilo lilikuwa kwenye bunduki ya 1915. Jina Rifle No.1 lilianza 1926. Kabla ya hapo ni SHT.L.E.

BNP chini ya taji ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Birmingham, wa kiraia. Bunduki ya jeshi ilikuwa na muhuri wa bendera zilizopishana. Ikiuzwa uraiani sheria ikataka ijaribiwe tena. Muundo huu wa BNP ulianza na kanuni za 1954, kwa hiyo bunduki yako ilipita Birmingham 1954 au baadaye. Hiyo 2.222" ni urefu wa ganda la risasi ya .303 kwa inchi, na 18.5 TONS ni kiwango cha shinikizo. Nimeona rejista nzito nzito zikiandika 2222 kama namba ya bunduki! Namba halisi iko kulia mbele ya bodi, na huwa na herufi au haina herufi kabisa, lakini haiwi na nukta wala alama ya inchi.

Tafuta pia mishale miwili inayotazamana ncha kwa ncha. Mshale mmoja ni mali ya serikali. Miwili ikitazamana serikali imeachia.

Kaskazi77

Nimeelewa kuhusu rangi, naomba radhi. Swali dogo: kwa nini Kenya kila .303 inaitwa "Mark 4" hata magazetini? Nayo ni tofauti na hii ya Mk 1/2?

Mzee_wa_Mtutu

Ni mazoea ya kambini. Katika maandishi ya Waingereza No. ni aina, Mk ni toleo la aina hiyo. No.4 Mk I, No.4 Mk 2. Watu wakaunganisha namba na toleo, ikawa Mark 4, na kwa mazungumzo hakuna ubaya, kila mtu anajua inayosemwa. Kwenye rejista usiandike hivyo, msomaji wa Uingereza atatafuta toleo la nne la kitu kingine.

Karani_wa_Depoti

Mleta mada, ya tatu nakuomba ufute neno No.5 kwenye karatasi kabla halijaenda mbali.

No.5 Mk I ilitengenezwa mahali pawili tu: Fazakerley na BSA Shirley, kati ya 1944 na 1947. Long Branch ni kiwanda cha Kanada, nje ya Toronto, na hakikutengeneza No.5. Soketi au ubavu wowote wenye LONG BRANCH, au wenye US PROPERTY ya Savage (kiwanda cha Marekani), kwenye bunduki yenye koni mdomoni, ni No.4 iliyokatwa na wafanyabiashara baada ya vita ili iuzike kwa jina la bunduki ya msituni. Alama yenyewe imekutajia jina lake: No.4 MK I*.

Ili uandike kwa ushahidi na si kwa hasira, kagua haya. No.5 halisi ilipunguzwa uzito kiwandani: ubavu wa kushoto wa bodi umechongwa na una alama zake zenyewe za No.5 pamoja na mwezi na mwaka, shina la mtutu mbele ya bodi lina michongo, na kirungu cha mkono wa bolti kimetobolewa katikati. Kilengeo cha nyuma kinaishia yadi 800. Kilengeo kinachofika 1,300 ni cha No.4. Koni halisi imeshikwa kwa pini zilizopita pembeni. Koni za kuiga nyingi hushikwa kwa skrubu ndogo ya chini, na ukiitikisa inacheza. Ubavu ulionyooka kabisa, bila kuchongwa, wenye maandishi ya Long Branch, unatosha kufunga kesi.

Kwa mwaka: 1943 ni wa kutengenezwa, umeandikwa wazi. Bahati yako ni Long Branch. Ingekuwa Savage usingepata mwaka kwenye bodi, kwa sababu Savage hawakuupiga. Hapo ungebaki na namba ya bunduki, yenye C katikati kwa ajili ya Chicopee Falls, Massachusetts, na ukadirie kwa tarakimu zilizo mbele ya C. Ya Kanada ina L katikati.

DA na 96 ni muhuri wa kulemazwa, mwaka 1996. Haihusiani na jeshi. Usiuweke kwenye safu ya ukarabati hata kidogo, maana mtu atasoma "1996" akadhani karakana.

Na kwa kuwa ni MK I*: kwenye toleo hilo bolti hutolewa kupitia mpasuo uliokatwa kwenye reli, si kwa kitufe. Kona ya mpasuo huo humeguka ikitumika sana, kichwa cha bolti kikaruka nje ya reli. Andika hali ya kona hiyo. Ni aina ya kasoro ambayo rejista nzuri hairuki.

RejistaYaKale

Wakuu mmenisaidia sana. Ya tatu nimeifuta neno No.5. Fundi wa silaha wa mkusanyiko anataka kufungua mbao za No.4 na SMLE atafute namba zaidi. Kuna tahadhari? Pia kitako cha SMLE kina sahani ndogo ya shaba ya mviringo yenye herufi na 8.17, nayo ni tarehe gani? Na bolti ya SMLE namba yake si ya bodi.

Fundi_Soketi

Anza na kitu kimoja kabla ya vingine vyote: kwenye SMLE USIFUNGUE skrubu kubwa ya kitako wakati mbao ya mbele ingali imefungwa. Ncha ya skrubu hiyo ni ya mraba, inapita kwenye soketi na kuingia kwenye kibati kilichokaa nyuma ya mbao ya mbele ili isilegee. Ukiizungusha, mraba unazungusha kibati, na mbao inapasuka pande mbili kuanzia nyuma. Karibu kila mbao ya SMLE iliyopasuka hapo ilipasuliwa na mtu mwenye bisibisi ndefu na haraka. Mbao ya mbele kwanza, kitako baadaye. Fuata utaratibu huohuo kwenye No.4 pia, usipime bahati.

No.4 kwa mpangilio: magazini nje, bolti nje, kidole kwenye chumba cha risasi kuhakikisha ni tupu. Skrubu ya pete ya mbele, kisha ya pete ya kati yenye kishikio cha mkanda. Vifuniko vya mtutu vitoke. Skrubu ndogo ya nyuma ya kinga ya triga, halafu ile kubwa ya mbele. Kinga ikitoka, tazama triga: kwenye MK 1/2 yako triga itabaki kwenye bodi. Ikitoka pamoja na kinga, alama ya ubavuni na kilichomo ndani havisemi kitu kimoja, turudi hapa tuzungumze. Mbao ishuke chini moja kwa moja. Usiitikise mbele nyuma, utabomoa kona mbili za nyuma zinazopokea teke la bunduki, na bunduki haitalenga tena sawa.

SMLE ina mitego zaidi. Pua ya mbele ina skrubu mbili, ndogo mbele na nene ya pembeni. Ndani ya mbao, karibu na pua, kuna kipini kidogo juu ya springi kinachosukuma mtutu. Kitaruka, kwa hiyo fanyia kazi ndani ya kisanduku au juu ya kitambaa. Pete ya ndani ina skrubu yenye springi yake. Skrubu ya mbele ya kinga ina bomba dogo la chuma, lisibaki ndani ya mbao bila wewe kujua. Kifuniko cha nyuma kina masikio membamba pembeni mwa kilengeo. Kinyanyue polepole, yanavunjika kama biskuti.

Bisibisi iwe na ncha iliyonyooka, ijae nafasi yote ya skrubu. Skrubu ikigoma, tone la mafuta ya kupenyeza na usiku mzima wa kusubiri.

Namba unazotafuta: bodi, shina la mtutu, nyuma ya mkono wa bolti, chini ya jani la kilengeo, pua, na chini ya ncha ya mbao ya mbele. Mbao isiyo na namba, au yenye namba iliyokatwa kwa mstari, ni mbao ya kubadilishwa. Juu ya kitako, mbele kidogo ya bati la nyuma, unaweza kukuta herufi moja: B, S au L. Hiyo ni urefu, si kiwanda. S ni fupi kwa nusu inchi, B fupi kwa inchi nzima, L ndefu kwa nusu inchi. Cha kawaida hakina herufi. Mbao zikiwa wazi tazama pia aina yake: walnati nyeusi ya kabla ya vita, bichi (mti uitwao beech kwa Kiingereza) nyepesi ya FTR. Ile rangi nyepesi uliyoieleza kwenye No.4 ndiyo bichi.

Ukimaliza, mbao ipakwe mafuta mabichi ya kitani, kidogo sana, kwa kiganja. Vanishi hapana.

Mzee_wa_Mtutu

Sahani ya shaba: 8.17 ni Agosti 1917, tarehe ya kukabidhiwa kikosi, na herufi zilizo juu yake ni kifupi cha kikosi, na namba ya chini ni ya bunduki kwenye rafu. Ukikutana na K.A.R. ujue ni King's African Rifles, lakini usikimbilie kuandika kuwa bunduki ilipigana Afrika Mashariki. Sahani inafunguka kwa skrubu moja, na kitako chenyewe kinahama kutoka bunduki hadi bunduki. Ni tarehe ya kitako, hadi uthibitishe vingine. Kwa bunduki yenye mtutu wa '37 na mbao mpya, uwezekano kwamba kitako pekee ndicho kilichobaki cha asili ni mdogo.

Kama kuna nyota ndogo karibu na chumba cha risasi, usiichanganye na nyota ya Mk III*. Ile ya toleo iko kwenye soketi baada ya III. Ile ya chumbani iliwekwa na fundi wa jeshi kuonesha kuwa ndani ya mtutu kuna kutu iliyokula chuma. Na DP popote pale ni bunduki ya gwaride tu, isipigwe kamwe.

Bolti isiyolingana: kwenye rejista ni sentensi moja, kwenye usalama ni jambo kubwa. Kwa kuwa SMLE haijalemazwa, fundi apime kwa geji nafasi iliyopo kati ya kichwa cha bolti na risasi. Bolti lazima ifunge juu ya geji ya inchi 0.064, na isifunge juu ya ile ya 0.074. Apime bila springi ya kutolea ganda, afunge kwa kidole kimoja, asilazimishe. Kwenye No.4 kichwa cha bolti kina namba 0 hadi 3 na hubadilishwa kwa kirefu zaidi ikihitajika. SMLE haina namba hizo, mafundi walichagua vichwa kwa kujaribu.

Karani_wa_Depoti

Kuhusu fomu: badala ya safu moja weka nne. Kutengenezwa, mtutu, ukarabati, kutoka jeshini. Kisha nafasi ya "alama kama zilivyo", ambapo unanakili herufi kwa herufi pamoja na mkwaju, nyota na nukta, bila kutafsiri. Tafsiri inaweza kubadilika, nakala isibadilike.

Za kwako zingekuwa hivi:

No.4 Mk 1/2. Bodi BSA Shirley 1943, ilizaliwa Mk I. FTR Fazakerley, Machi 1953. Bolti ilipewa namba upya. Umaliziaji: rangi nyeusi juu ya fosfeti. Mbao bichi.

SHT.L.E. Mk III. Bodi Enfield 1915. Kizuizi na vilengeo vya ubavuni vimeondolewa. Mtutu wa 1937, ulifungwa mwaka huo au baadaye. Kitako chenye sahani 8.17, uhusiano wake na bodi haujathibitishwa. Bolti si yake. Ilijaribiwa Birmingham kwa soko la kiraia, 1954 au baadaye.

No.4 Mk I*. Bodi Long Branch 1943. Imekatwa na kuwekewa koni kwa mfano wa No.5, kazi ya kiraia. Imelemazwa 1996.

RejistaYaKale

Nimeongeza safu. Fundi amefungua No.4 leo: triga imebaki kwenye bodi, na namba chini ya ncha ya mbao ni ileile ya soketi. SMLE anaifungua kesho, ametafuta kisanduku cha kudakia ile springi.